Ibara ya Sare na Sufuria za Mama Doto

Kabula, mama yangu,

Nakuandikia nikiwa hapa hapa dukani, kwenye kompyuta uliyoizoea, na wewe uko sebuleni nyuma ya ukuta huu unasukwa. Nakusikia unavyomlalamikia Sabina kwamba anakuvuta. Kelele zote hizo na kichwa hakijafika hata nusu! Mtu anayepanda basi kesho alfajiri kwenda kuanza kazi Dodoma alitakiwa asukwe jana, lakini hayo mama yako ameshakusema vya kutosha, mimi simo.

Simo pia kwenye habari za blanketi, dagaa, michembe ya viazi, wala namba ya shangazi yako wa kumpigia ukifika. Mama yako ameyasema yote na ameyarudia. Mimi nina neno moja, na nikilisema kwa mdomo nitaliharibu, maana wewe na mimi tukianza kuongea huwa tunaishia kubishana. Jumapili tulipotoka kanisani ulimwambia mama yako jikoni, "Nitaenda nikaripoti tu, mama. Nikikaa kidogo naacha, narudi. Baba hawezi lile duka peke yake, ataua watu." Mkacheka wote wawili. Mimi nilikuwa uani natengeneza kandambili, nikasikia kila kitu. Ulisema kwa utani, lakini nakujua. Ukitania namna ile, ujue umeshaamua.

Sasa mimi sitaki urudi. Namaanisha, nataka uje Krismasi, ule, ulale mpaka jua liwe utosini kama kawaida yako. Sitaki urudi kwa ajili ya duka. Nimekusomesha kozi, umefanya usaili na watu wengi, umepata kazi ya uandishi ofisini kwa jasho lako, halafu uiache kwa sababu baba yako hawezi kupanga namba? Hapana. Na kwa kuwa sababu uliyoitaja ni mimi, nina haki ya kujibu.

Unafahamu kwamba nilijifunza kupiga chapa kwenye taipureta, ofisini kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kabla hujazaliwa. Kwenye taipureta kichwa cha habari ni kazi ya mikono. Unahesabu herufi, unagawa kwa mbili, unarudi nyuma, unakipigia mstari. Kikikaa katikati sawasawa unajiona fundi. Kiwanda kilipofungwa nikafungua fremu hii hapa Igoma, nikanunua kompyuta, na nikaitumia kama taipureta yenye kioo. Kichwa nilikisukuma katikati kwa kubonyeza kile kitufe kirefu mpaka kifike. Namba nikaandika mwenyewe, 1, 2, 3, halafu 3.1, 3.2. Ukurasa wa yaliyomo niliujaza nukta moja moja, kutoka kwenye neno mpaka kwenye namba ya ukurasa. Unakumbuka ile kibodi yetu ya kwanza, kitufe cha nukta ndicho kilikufa kabla ya vyote? Wateja walinisifu: Baba Kabula anajua kupanga kazi. Na kweli nilipanga. Ila mteja akirudi kuongeza aya moja mwanzoni, kila kitu kinahama, na mimi nakaa siku nzima kurudisha nukta mahali pake. Nilidhani hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Halafu ukamaliza kidato cha nne, ukaenda ile kozi ya kompyuta Nyakato, ukarudi na habari za staili. Siku ile uliniudhi, acha kabisa. Nilikuwa nimetoka kupamba kichwa cha ripoti ya mtu, herufi nene, kubwa, zimepigiwa mstari, ukaja nyuma yangu na chapati mkononi ukasema, "Baba, hapo umekipaka rangi tu. Kompyuta haijui kama hicho ni kichwa. Kwake hayo ni maneno kama mengine, ila yamenenepa." Ukainama, ukabonyeza pale juu kwenye staili iitwayo heding ya kwanza, na kichwa changu kikageuka bluu. Bluu! Kwenye ripoti ya mtu mzima! Nikakufukuza kwenye kiti pamoja na chapati yako.

Ndipo kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaa wetu kikaja kuandikiwa katiba. Nilikuwa na foleni ya watu wa fotokopi, nikakuachia wewe. Ukaiandika vizuri sana, leo nakiri. Sura ukaziweka heding ya kwanza, ibara heding ya pili, vifungu vya ndani heding ya tatu, na namba zote zikawa zinakuja zenyewe. Hata pale ibara moja inapoitaja nyingine, hukuiandika namba kwa mkono, uliiunganisha na ibara yenyewe ili ifuatwe popote itakapohamia. Mimi sikujua hayo. Nilikaa kuipitia nikataka kusahihisha namba moja. Naipeleka mausi, haishikiki. Naiburuta, haishikiki. Nafuta, inatoweka, halafu ya chini yake nayo inabadilika bila kuguswa. Nikabonyeza Tab, Mwenyekiti akasogea pembeni akawa kifungu kidogo chini ya ibara ya Faini. Nikasema basi, hapa kuna kirusi. Kabula ameleta kirusi na flashi yake kutoka Nyakato.

Nikaondoa staili zako zote, nikaandika namba upya kwa mkono wangu, namba zinazoshikika. Ukasimama mlangoni ukauliza, "Baba, wakija kutoa ibara moja utafanyaje?" Nilichokujibu mama yako alikisikia mpaka jikoni: "Nilikuwa napiga chapa wewe hata hujafikiriwa. Leo unanifundisha kazi?" Ukaenda kufua. Ulikuwa umeuliza swali zuri kwa adabu, na mimi nikalijibu kwa kelele kwa sababu sikuwa na jibu.

Haikupita wiki, wakatoa ibara moja. Ilikuwa ya tisa, ya sare ya kikundi. Waligombana juu ya kitenge, hawa wanataka cha njano, hawa cha kijani, mpaka mwenyekiti wa wakati ule akachoka akasema sare ifutwe, kila mtu azikane na nguo aliyo nayo. Nikaifuta. Ya kumi nikaifanya ya tisa, ya kumi na moja nikaifanya ya kumi, nikashuka hivyo hivyo mpaka mwisho kwa uangalifu mkubwa, na vichwa vyote vikawa sawa. Nilichosahau ni maneno ya ndani. Ibara ya misiba ilisema mwanachama akifiwa "atahudumiwa kama inavyoelekezwa katika ibara ya 15." Ile ya huduma, yaani turubai, viti, sufuria, wapishi na gari la kubeba mwili, sasa ilikuwa imepanda kuwa ya 14. Na iliyokaa kwenye 15 ilikuwa ya wanachama watoro: "Atasimamishwa uanachama, na vyombo vyote vya kikundi vilivyo kwake vichukuliwe siku hiyo hiyo." Katiba ikaenda halmashauri, ikagongwa muhuri, ikarudi, ikawekwa kabatini. Nani anaisoma katiba ya kufa na kuzikana watu wakiwa wazima?

Baba Doto akafariki ghafla. Mama Doto ndiye aliyekuwa mtunza vyombo, sufuria zote kubwa na turubai vilikaa kwake. Mwenyekiti alikuwa amekwenda Usagara kwa wakwe zake, simu haipatikani, akabaki katibu, Mzee Lushinge. Na unamjua Mzee Lushinge, mtu mwema, lakini kilichoandikwa kwake kimeandikwa, hana habari ya kujiuliza. Akafungua katiba, akasoma ibara ya misiba, akafuata namba, akasoma ya 15. Baadaye aliniambia kwamba aliisoma tena na tena akidhani macho yamechoka. Halafu akachukua mkokoteni na wanaume wawili, akaenda msibani kuchukua vyombo.

Tulikuwepo wote, lakini acha niseme nilivyoona mimi. Watu wamekaa, kwaya inaimba, jikoni maji ya ugali yanachemka. Mzee Lushinge akasimama na karatasi yake. "Samahanini sana, wafiwa. Siyo mimi, ni katiba." Akasoma kwa sauti ya mkutanoni. Mama Doto alikuwa ndani kwenye mkeka na dirisha liko wazi, akasikia kwamba kikundi alichokipikia katika misiba ya watu wote kinamsimamisha siku aliyofiwa na mumewe. Wimbo ukakatikia hapo hapo. Mama Sabina akatoka jikoni na mwiko mkononi: "Sufuria ile pale, Mzee. Ibebe na maji yake yanavyochemka." Hakuna aliyesogea. Ndipo yule mzee akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. "Baba Kabula, hii si uliiandika wewe?"

Mwanangu, nilitafuta pa kuingia nikapakosa. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni: kompyuta imekosea. Wangenikubalia, wengi wao walikuwa hawajui kompyuta inafanya nini na haifanyi nini. Kisha nikakuona wewe umesimama na ndoo ya maji, unaniangalia. Hukukasirika, hukunicheka, ulikuwa unasubiri tu uone baba yako ni mtu gani. Nikasema, "Nimekosea mimi. Isomwe ya kumi na nne." Mzee Lushinge akafungua ya kumi na nne, akaisoma kimoyomoyo, akavua kofia, akaenda mwenyewe kushusha viti. Wewe ukatua ndoo ukaenda kumwambia Mama Doto dirishani, kazi iliyokuwa yangu.

Matanga yalipoisha nilikwenda kwake kuomba radhi. Alinikaribisha, akanipa maji ya kunywa, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimekusamehe, Baba Kabula. Ila yale maneno nikilala nayasikia." Kuna makosa unasamehewa na bado yanabaki kwa mwenzako, wewe umeondoka nayo mepesi yeye amebaki nayo mazito. Nikuombe tu, huko ofisini ukikosea, na utakosea, usimsukumie mashine wala mhudumu wa chai. Sema ni wewe, mapema, kabla hujatafuta maneno mazuri.

Na wewe hukuwahi kuniambia "nilikuambia." Siku zote hizi sijalisikia kutoka kwako, hata tukigombana. Tuliporudi kutoka makaburini ulivuta kiti cha pili, ukawasha kompyuta, ukasema, "Baba, kaa." Nikakaa. Ukanionyesha kwamba staili siyo urembo, ni kuiambia kompyuta kitu hiki ni nini: hii ni sura, hii ni ibara iliyo ndani ya sura, hiki ni kifungu cha ibara. Ikishajua kipi kiko chini ya kipi, namba inazipanga yenyewe. Na ile bluu iliyonitesa ukanionyesha kuibadilisha kwenye staili yenyewe, vichwa vyote katiba nzima vikawa vyeusi kwa mpigo mmoja. Hapo niliokoka! Nilitamani kupiga vigelegele na mimi ni mwanaume.

Nimeifikiria sana ile habari ya kujua kitu ni nini kabla ya kukipamba. Miaka yangu mingi nilikuwa hodari wa kufanya vitu vionekane vizuri. Nilitaka nionekane fundi, nikasahau kuuliza kazi ni ya nani na itamfikaje. Hata wewe nilikuona katoto kenye chapati, kumbe mbele yangu amesimama mtu anayejua kazi yake. Ningelijua hilo mapema, Mama Doto angelia kilio kimoja tu siku ile. Huko uendako utakuta watu wanakuona katoto vilevile. Watakuletea kazi imepigwa namba kwa mkono, nene, katikati, na watajivunia. Usiwacheke, mama. Vuta kiti uwaambie wakae.

Sasa nije kwenye kosa langu la pili, ambalo hulijui, na hili ni tamu kidogo. Tangu siku ile, kila namba ikinigomea nilikuita. "Kabula! Njoo hapa, imeruka." "Kabula! Hii 2.1 imegeuka 1.9." Unaacha unachofanya, unakuja unajifuta mikono kwenye kanga, unanung'unika, unabonyeza mara moja, imekwisha. Unasema, "Baba, hili nilikuonyesha juzi." Kweli ulinionyesha, na kweli nilikuwa nalikumbuka. Mara nyingi nilikuwa najua, mwanangu. Nilikuita tu. Nilipenda ukija ukae hapo kwenye stuli uanze kunikaripia, duka linachangamka. Ndivyo ulivyofika mahali pa kuamini kwamba bila wewe hapa hakuna kitu, na mwenye makosa ni mimi niliyejifanya mjinga kwa raha zangu. Sikujua utakuja kuitumia hiyo kama sababu ya kuacha kazi yako.

Lakini kuna moja nilikuwa sijawahi kuligusa bila wewe kuwepo, nalo ni katiba. Katiba yoyote. Ripoti sawa, barua sawa, taarifa ya kanisa sawa. Katiba ikija nilikuwa nakuachia, natoka nje kama mtu anayekwenda kununua vocha. Niliogopa. Hilo ulilijua, na hapo ulikuwa na haki ya kusema siwezi.

Leo mchana, wakati wewe na mama yako mnafunga begi, Mama Doto akaja. Unajua sasa ndiye mwenyekiti wa kikundi. Mkutano wao umeamua kuondoa ile ibara ya kukataza watoto wadogo mkutanoni, maana akina mama hawana pa kuwaacha. Akasimama hapo kaunta akauliza, "Kabula yuko wapi? Nataka anirekebishie kabla hajaondoka." Nikamwambia anafunga begi. Akasema basi atasubiri. Nikasema, "Nitafanya mimi, Mama Doto." Aliniangalia tu, akavuta stuli yako, akakaa.

Nikaifungua katiba, ile uliyoirudisha kwenye staili. Nikaifuta ibara waliyoikataa. Namba zote za chini zikapanda zenyewe, kimya kimya, nami mikono iko mapajani. Nikashuka mpaka ibara ya misiba kuhakikisha: ndani bado imeandikwa "ibara ya 14," na ya huduma sasa ni ya 13. Ya 14 ndiyo ile ya watoro. Kosa lile lile, mahali pale pale, na mwenyewe Mama Doto amekaa pembeni yangu! Nikafungua mdomo nikuite. Nikakusikia unacheka chumbani na mama yako, sijui mlikuwa mnacheka nini, kicheko cha mtu ambaye safari imeanza kumkaa moyoni. Nikaufunga mdomo.

Nikakumbuka ulivyosema, kwamba namba za vichwa zinapanda zenyewe lakini zile zilizounganishwa ndani ya maneno zinangoja kuambiwa. Nikachagua maandishi yote, nikaziambia kwa kitufe cha F9. Ikawa 13. Nikapitia moja moja, kila mahali ibara inapotaja ibara, na ukurasa wa yaliyomo nao, bila nukta hata moja ya mkono wangu. Nikaprinti, nikampa.

Hakuondoka nayo. Alivaa miwani, akaisoma hapo hapo kwenye stuli, anafuata mstari kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, watu wa fotokopi wanakuja na kuondoka. Alipofika ibara ya misiba kidole kikasimama. Akasoma ile namba. Akafunua taratibu mpaka kwenye hiyo namba, akasoma kwa sauti ndogo: turubai, viti, sufuria, wapishi, gari. Akarudia tena, kidole hakitoki pale. Mimi nilikuwa nasubiri kama mtoto wa darasa la kwanza anayesahihishiwa daftari, na sioni haya kukuambia.

Akavua miwani. "Wabeja, Baba Kabula," akanishukuru. Akaikunja katiba, akaiweka kwenye pochi, akafika mlangoni akageuka.

"Kumbe unaweza," akasema. "Sasa mwache mtoto aende."

Nimekuacha, mama. Nenda, na ukae huko huko.

Baba yako, dukani.